Zamda na Mtungi Mweusi

Kwanza lieleweke jambo moja: Zamda binti Mabruki hakuwa mtu wa kukaa. Pale Isevya walisema ukimkaribisha chai, maji hayajachemka keshaaga. Akiketi mkekani, goti moja lilikuwa juu, tayari kwa safari. Shangazi zake walimwambia kuwa mwanamke asiyetulia haolewi, na kwa kuwa shangazi hawajui kusema jambo moja likatosha, wakaongeza kwamba hata akiolewa hachelewi kuachwa. Zamda alicheka, akajifunga kanga vizuri, akaenda zake.

Ukoo wenyewe ndivyo ulivyokuwa. Babu yake mzaa baba alikuwa mpagazi katika misafara ya Bagamoyo, zama zile ambazo kijana wa Kinyamwezi asiyefika pwani hakuhesabiwa mwanamume, hata angekuwa na ng'ombe zizi zima. Mzee huyo alikwenda na kurudi mara saba. Alipojiandaa kwa ya nane, Mdachi akawa ameshaifikisha reli Tabora, na mizigo yote ikapanda gari-moshi. Basi akabaki barazani akiitukana reli mpaka siku aliyokufa. Mwanawe Mabruki hakusafiri, ila alichagua kazi ya kuwaendesha wengine: alikuwa fundi baiskeli, mwenye kibanda cha mabati Isevya na mikono ambayo sabuni ilishaikatia tamaa.

Zamda alikulia kibandani humo. Kabla hajajua kusoma alijua kuziba pancha, na kabla ya kuota meno ya ukubwani alijua somo kuu la baba yake. Mabruki alikuwa na kikopo kidogo cha mafuta ya cherehani chenye pua ndefu, na kila nati iliyogoma, kila pedeli iliyoshika kutu, dawa yake ilikuwa hiyohiyo. "Kilichogoma usikipige nyundo," alikuwa akisema. "Kitie mafuta, kiache kinywe, kesho kitafunguka chenyewe." Na kweli, kesho yake kilifunguka. Mafundi wote wa mtaani walifanya hivyo, na wateja wao walijua kwamba ukileta baiskeli leo, leo ni ya mafuta, kazi ni ya kesho.

Lakini Zamda alikuwa na sababu nyingine ya kutotulia, na hiyo hakuisimulia ovyo. Mama yake, Mwamvita, alikuwa na pumu. Desemba ile ya mwaka sitini na moja, mji mzima ukishona nguo za sherehe ya uhuru na watoto wa shule wakifanya mazoezi ya gwaride, pumu ilimkamata Mwamvita asubuhi na haikumwachia. Majirani walikuja, wema wote. Walifunga madirisha ili upepo usimpige. Walimlaza chali. Walimfukizia majani na ubani mpaka chumba kikajaa moshi. Zamda, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa ameshika mkono wa mama yake, akiuona mdomo ule ukiikimbilia hewa na kuikosa. Alitaka kufanya kitu, kitu chochote, na hakukijua. Kabla ya adhuhuri Mwamvita alikuwa amekufa mbele ya watu kumi na wanne waliompenda, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba kumketisha na kufungua dirisha kungempa nafuu. Zamda alikuja kulijua hilo miaka minane baadaye. Siku alipolijua alikwenda nyuma ya jiko la hospitali, akalia kwa hasira.

Maana alikuwa ameshapata kazi hospitalini. Alikuwa amemaliza darasa la nane, Kiingereza chake kikiwa cha kuokoteza, kwa hiyo chuo cha uuguzi hakikumtaka. Walimchukua kuwa mhudumu wa wodi: kupiga deki, kumwaga beseni, kugeuza wagonjwa. Nchi ilikuwa imejaa maneno ya kazi na kujitegemea wakati ule, kila mtu akiitwa ndugu, na Zamda aliyachukulia maneno hayo kama yalivyo. Katika mwezi wake wa kwanza vitanda vilivyokuwa vikilia kwa miaka vilinyamaza. Toroli la chakula likaacha kwenda upande. Kikopo cha mafuta cha pua ndefu, ambacho baba yake alimpa siku alipoanza kazi, kilikaa mfukoni mwa aproni yake, na wagonjwa wakaanza kumwita Fundi.

Kwenye wodi ya wanaume mhudumu mwenzake alikuwa Justus, kijana wa familia ya Kimoravian kutoka vijiji vya njia ya Sikonge. Justus alikuwa mzito wa mambo. Kabla ya kubeba beseni alilitazama. Kabla ya kujibu swali alilirudia kimoyomoyo, midomo ikicheza. Zamda alimtania bila huruma. "Ndugu Justus," alikuwa akisema, "wewe ukitumwa kumwita daktari, mgonjwa akipona na mwingine akiugua kitanda hichohicho, ndipo utafika." Justus alitabasamu, naye akaendelea kutazama beseni.

Mwaka wa sabini na mbili alipita daktari mmoja mgeni, akakaa miezi minne tu, na katika miezi hiyo aliwafundisha wahudumu hao wawili jambo ambalo Zamda hakuwahi kuota kwamba ni kazi: kumsaidia mtu kupumua. Namna ya kumketisha aliyebanwa kifua, mgongo umeinama mbele, viwiko juu ya meza. Namna ya kupiga mgongo kwa kiganja kilichokunjwa kikombe ili makohozi yalegee. Namna ya kutoa pumzi polepole kupitia midomo iliyobanwa. Na mitungi ya oksijeni, ile mirefu myeusi yenye mabega meupe, iliyokuja kwa treni kutoka Dar es Salaam: jinsi ya kusoma saa yake inayoonyesha hewa iliyobaki, jinsi ya kufungua kidogo na kufunga. Daktari akaondoka kabla ya kumaliza. Zamda alibaki kama mtu aliyeonjeshwa asali akaonyeshwa mgongo wa mrina asali.

Wagonjwa wa namna hiyo hawakukosekana. Walikuja kutoka upande wa Urambo na Kaliua, kwenye mashamba ya tumbaku ya vijiji vipya, wazee waliokesha misimu mingi wakichochea kuni kwenye mabani ya kukaushia majani. Moshi ule ulikaa vifuani mwao. Mmoja wao alikuwa mzee Lugembe, aliyeletwa na treni kutoka Kaliua mwezi wa Juni, mwaka sabini na tatu, mabega yakipanda na kushuka kwa kila pumzi. Siku ya pili tu, alipopata nguvu za kusema, alimtazama Zamda akitengeneza mto wake, akatangaza kwa wodi nzima: "Huyu sasa ni mke wangu. Mahari nitalipa tumbaku ikiuzwa."

"Babu wee," Zamda akajibu, "mume gani anayehema kabla hata hajapanda ngazi?"

Wodi ikacheka, na Lugembe akacheka mpaka akabanwa, ikabidi Zamda amwinamishe mezani ampige mgongo. Tangu siku hiyo walikuwa mke na mume, kama ilivyo ada ya babu na mjukuu.

Mwezi huohuo ndipo habari zilipofika. Kulikuwa na mafunzo Dar es Salaam, miezi tisa, ya wahudumu wa pumzi: mitungi, mashine, mazoezi ya kifua. Mkoa mmoja, mtu mmoja. Anayerudi angekuwa na cheti, na kazi yake ingekuwa hiyo tu. Matroni Pelagia, mama wa Kikatoliki mwenye sauti ndogo ambayo hata madaktari waliiogopa, alipeleka majina mawili, Zamda na Justus, la Zamda likiwa juu.

Hapo ndipo tabu ilipoanza. Majibu hayakuja. Zamda alikwenda ofisi ya karani asubuhi, mchana na jioni, mpaka karani akawa akimwona mlangoni anatikisa kichwa kabla hajaulizwa. Usingizi ukampungua. Chakula alikibugia akiwa amesimama. Kila treni iliyopiga honi kuelekea mashariki ilimwuma kifuani kama imemwacha yeye. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na aliona wazi, kama mtu aonavyo shimo mbele yake, kwamba nafasi hii ikimpita atamwaga mabeseni mpaka azeeke.

Jumatano moja mchana, wakati wa kukagua mitungi, mtungi mpya ukagoma. Hospitali ilikuwa na miwili tu: mmoja uliokuwa ukitumika kando ya kitanda cha Lugembe, karibu nusu yake imekwisha, na huo mpya uliofika na treni ya Jumatatu. Justus alijaribu ufunguo, koki ya shingoni haikuzunguka. Akajaribu tena. Akaurudisha ufunguo mahali pake, akasema, "Tuandike taarifa. Tuwaulize kwanza waliouleta."

"Taarifa!" Zamda akasema. "Mie hapa barua moja tu inanitoa roho, wewe unataka kuandika nyingine."

Justus akaenda kuandika taarifa. Zamda akaingia stoo, akatoa kikopo mfukoni, akainamisha pua yake kwenye shingo ya mtungi. Matone matatu, kisha la nne kwa usalama. Akaifuta mikono, akauacha unywe. Kesho ungefunguka kama mlango wa msikiti. Hakumwambia Justus, maana alitaka kumcheka kesho.

Lakini kesho yake ilikuwa na mambo yake. Saa mbili asubuhi karani alimwita, safari hii akitikisa bahasha badala ya kichwa. Zamda binti Mabruki amekubaliwa. Mafunzo yanaanza Jumatatu, asiyefika siku hiyo nafasi yake itapelekwa mkoa mwingine, isipokuwa hospitali yake ilete mwenzake aliyeomba. Hati ya kusafiria imo ndani, pamoja na kijitabu cha kusoma njiani. Treni ilikuwa leo saa nane mchana.

Sijui nieleze vipi asubuhi ile. Alikimbia kwenda nyumbani, akakimbia kurudi kuaga, akakimbia tena nyumbani kwa kuwa alisahau kuaga vizuri. Shangazi walilia, wakampa mchele wa kukaanga na maonyo. Lugembe alimshika mkono, akasema, "Mke wangu ananikimbia, na mahari sijalipa," na sauti ilikuwa ya utani lakini mkono haukuachia upesi. Justus alimpa mkono wake mzito, akamwombea safari njema kwa maneno yaleyale ya kanisani, yote, hadi amina. Kuhusu mtungi, Zamda hakuukumbuka hata kidogo.

Mabruki alimpeleka stesheni, sanduku la bati limefungwa nyuma ya baiskeli, baba na binti wakiisukuma pande mbili. Treni ilikuwa imeshaingia, na kichwa chake kilikuwa kinajazwa maji. Zamda akapanda, akashuka, akapanda tena, akachagua kiti cha dirishani. Kwa kuwa kukaa bure hakuwezi, akafungua kijitabu.

Kilikuwa cha Kiingereza. Alisoma kwa kidole, neno moja analijua, mawili yanampita. Ukurasa wa nne ulikuwa na picha, na picha haitaki kamusi. Ilikuwa picha ya mtungi mweusi wenye mabega meupe. Kando ya shingo yake palichorwa kikopo cha mafuta, kidogo, chenye pua ndefu, kimekatwa msalaba mwekundu juu yake. Na chini, picha ya pili: mtungi uleule, mkono unazungusha ufunguo, na kutoka shingoni unaruka moto unaomeza mkono, kitanda na mtu aliyelala.

Alisoma maneno ya chini yake mara tatu, polepole kuliko Justus. Mafuta. Kamwe. Oksijeni. Moto.

Mtungi wa Lugembe, kwa hesabu yoyote, ulikuwa unakaribia kuisha. Na Justus, mtu wa utaratibu, saa ikifika alama nyekundu atauleta ule mwingine, ataujaribu tena, na leo utamfungukia.

Aliruka chini. Msimamizi wa stesheni alimsikiliza vizuri, akazungusha simu ya kwenda hospitali, ikalia, ikalia, haikupokelewa. Zamda alijua sababu: Alhamisi saa saba karani huwa mkutanoni. "Jaribu tena, ndugu yangu, nakuomba," akamwambia, na hakungoja kuona. Mabruki alikuwa bado kasimama na baiskeli yake, akingoja kupunga mkono.

"Baba, nipe baiskeli."

"Treni itaondoka, mwanangu."

"Najua. Ule mtungi nimeutia mafuta, na wakiufungua utawaka. Nipe!"

Akaipanda, gauni amelikunja kiunoni, kanga ikipepea, binti wa Kiislamu wa Isevya akipiga pedeli katikati ya mji mchana kweupe. Watu wa dukani walisimama. Mzee mmoja alisema astaghafirullah. Zamda hakusikia ila moyo wake, na ndani ya moyo huo, tuseme kweli, hakikuwamo kitu kimoja tu. Kulikuwa na hofu ya moto, na kulikuwa na sauti nyingine inayohesabu: kichwa cha treni bado kinajazwa maji, ukifika upesi, ukisema upesi, unaweza kuwahi.

Alitupa baiskeli mlangoni akaingia wodini. Saa ya mtungi wa kwanza ilikuwa kwenye alama nyekundu. Mtungi wa pili ulikuwa umesimamishwa kando ya kitanda cha Lugembe, na Justus alikuwa mbele yake, ufunguo mkono wa kulia, kitambaa mkono wa kushoto. Alikuwa anaufuta mtungi vumbi. Aliufuta toka chini kwenda juu, taratibu, kama walivyofundishwa, na alikuwa amefika mabegani. Uzito ule alioucheka miaka yote ndio uliokuwa umewaweka hai watu wanane wa wodi ile.

"Usifungue!" Zamda akapiga kelele.

Justus akageuka. "Zamda? Si umesafiri?"

"Usiufungue huo. Ni mbovu." Alikuwa anahema, maneno yanakatika. "Una kutu. Uurudishe stoo, usiuguse."

Hapo alikuwa ameshamaliza. Watu wako salama, siri yake salama, na treni haijaondoka. Angegeuka tu.

"Kutu haina neno," Justus akasema baada ya kufikiri. "Nitautoa nje, niufungue kidogo huko nione. Mzee hawezi kukaa bila hewa."

Na angefanya hivyo, ndivyo alivyokuwa. Angeutoa nje, angeinama juu yake na kuuzungusha kwa uangalifu wake wote, na ungemlipukia usoni. Zamda alimtazama yule mtu mpole, kitambaa mkononi, na akajichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote. Mficha maradhi, kilio humfichua. Safari hii kilio kingekuwa cha mama yake Justus.

"Si kutu," akasema. "Niliutia mafuta. Mimi. Jana, ulipokwenda kuandika taarifa. Mafuta na oksijeni ni moto, Justus. Ukiufungua, utakufa."

Akageuka, akamwona Matroni Pelagia kasimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Mbali, upande wa stesheni, treni ikapiga honi ndefu, ikaanza kuondoka. Wote watatu waliisikiliza mpaka ikapotea.

"Justus," Matroni akasema kwa sauti yake ndogo, "ondoa kitambaa hicho, kina mafuta sasa. Mtungi usisogezwe na mtu mmoja. Leteni wanaume wawili, ukakae uwanjani peke yake mpaka urudishwe Dar es Salaam." Kisha akamtazama Zamda. "Treni ya kuleta mitungi mingine ni Jumamosi. Huyu mzee ana hewa ya robo saa. Pumzi ulifundishwa. Haya."

Zamda akamwendea Lugembe. Akamwinamisha juu ya meza, mto chini ya mikono, akafungua dirisha mpaka mwisho. "Vuta kwa pua, babu. Sasa toa polepole, midomo ibane, kama unapoza uji wa moto." Lugembe alijaribu. Macho yalimtoka. Alivuta pumzi fupi fupi, mbio mbio, kila moja ikiwa ndogo kuliko iliyotangulia, na kadiri Zamda alivyomhimiza, ndivyo alivyozidi kukimbia.

Zamda hakuelewa. Kisha akaona. Mzee alikuwa anamtazama kifua. Zamda mwenyewe alikuwa bado anahema kwa ile baiskeli, kwa ile treni, kwa aibu, na mzee alikuwa anamfuata, pumzi kwa pumzi, kama mtu aliyeshikwa mkono akikimbizwa.

Basi ikambidi afanye jambo ambalo shangazi zake wote, baba yake na walimu wake hawakuweza kumfanyia. Alivuta kiti, akakaa. Aliweka miguu yote miwili sakafuni. Alifunga mdomo, akavuta hewa kwa pua, na kuitoa kama anapoza uji. Mara ya kwanza ilikataa, ikatoka na kilio. Mara ya pili ikakaa. Hakumwambia mzee neno. Alipumua tu mbele yake, tena na tena, na ndani yake kila kitu kilikuwa kikipiga kelele kwamba inuka, fanya jambo, kimbia. Hakuinuka. Pumzi ya Lugembe ikagongana na yake, ikapotea, ikarudi. Baada ya muda mrefu mabega yake yakashuka kidogo. Hewa iliyobaki mtungini Zamda akaifunga, akaihifadhi kwa dakika mbaya.

Alikaa hivyo mpaka jua likazama. Kisha Justus akapokea, wakaendelea kwa zamu. Kwenye mapumziko yake ya kwanza alimkuta baba yake nje. Mabruki alikuwa ametembea kutoka stesheni, sanduku la bati kichwani, na umri wake ule.

"Ni mimi niliyekufundisha," Mabruki akasema. Hakuweza kumtazama. "Mafuta yale ni mimi."

"Ulinifundisha baiskeli, baba, na baiskeli zinakwenda. Mtungi sikukuuliza. Wala Justus sikumwuliza, na yeye alitaka kuuliza."

Mitungi ilifika Jumamosi asubuhi, na Lugembe alikuwa hai. Alikuwa amekonda uso, hana nguvu ya utani, lakini hai. Saa nne Matroni alimwita Zamda ofisini. Barua ilikuwa mezani, imeshaandikwa.

"Nimeandika yote," akasema. "Mafuta, na kwamba ulirudi ukasema. Sikupunguza wala sikuongeza. Justus anaondoka na treni ya leo, atafika Jumatatu."

"Nafasi yangu."

"Iliyokuwa yako."

"Na mwakani, Matroni?"

"Sijui, Zamda. Nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya. Jina lako nitaliandika. Wataona na lile la mafuta."

Zamda alishukuru kama adabu inavyotaka, akatoka. Alimchukia Matroni kuanzia mlangoni hadi kisimani, akamchukia Justus kutoka kisimani hadi getini, na alipofika getini hakubaki wa kumchukia ila mwenyewe. Hata hivyo alikwenda stesheni. Justus alikuwa na furushi dogo na haya kubwa. Alisimama mlangoni mwa behewa, midomo ikicheza, akitafuta neno, na Zamda akamngoja. Labda ilikuwa mara ya kwanza kumngoja mtu amalize.

"Nitakuandikia kila wanachotufundisha," Justus akasema hatimaye. "Kila siku. Nitachora na picha."

"Andika, basi," Zamda akasema. "Ila usiifute bahasha vumbi kwanza."

Justus akacheka, macho yamelowa. Treni ikang'oka. Zamda alibaki kwenye reli, akiitazama mistari miwili ya chuma inavyokwenda mashariki, na miguu ilimwasha kweli, ikimwambia ifuate, tembea tu, wengine walikwenda pwani na mizigo kichwani. Alisimama mpaka jua likamchoma shingo, ndipo akakumbuka kwamba saa ya mazoezi ya Lugembe imepita, na mhudumu mwingine aliyejua mazoezi hayo alikuwa ndani ya treni.

Alirudi mbio. Aliingia wodini akiwa na maneno ya kuomba radhi tayari mdomoni.

Lugembe alikuwa ameketi mwenyewe. Meza ameivuta mwenyewe, mto ameuweka mwenyewe, viwiko juu yake, dirisha limefunguliwa mpaka mwisho. Alikuwa akivuta kwa pua na kutoa kwa midomo iliyobanwa, polepole, akihesabu kwa vidole juu ya mto. Kando yake, mzee wa kitanda cha pili, mwenye kifua kama chake, alikuwa amejiinamia vilevile, akimfuata. Lugembe alimwona Zamda, akainua kidole kimoja kumzuia, akaimaliza pumzi yake yote mpaka mwisho.

"Umechelewa, mke wangu," akasema. "Tumeanza bila wewe."

Zamda akatafuta la kufanya. Mto ulikuwa sawa. Meza ilikuwa sawa. Akavuta kiti akakaa, mikono mapajani, machozi yakimtoka bila kuyafuta, akawasikiliza wazee wawili wakipumua mpaka wakafika kumi.